Nyayo za Filamu Yako ya Mwisho

Mwaka umetimia, Baba, tangu moyo wako usimame ukiwa mezani, chai ikiwa bado ya moto. Hukuugua. Hukutuaga. Kwenye filamu zako ungelikataa kabisa jambo kama hilo, maana ulishikilia kwamba mtazamaji sharti ajue mapema. "Mwonyeshe ngazi imelegea," ulikuwa ukisema, "halafu mwache mtu apande huku anaimba." Sisi hatukuonyeshwa ngazi.

Watu walikuita Roho Juu, na jina hilo ulilipata kihalali. Uliwatisha kwa mlango uliofungwa, kwa simu inayolia kwenye nyumba isiyo na mtu, kwa kikombe kilichohamishwa. Damu hukuitaka, ulisema hiyo ni ya buchani. Nyumbani sasa, ulikuwa mwoga wa kupindukia: hodi ikipigwa, ulimtanguliza Mama. Na ulivyokuwa na maneno! Uliweza kusimulia ulivyokwenda kununua vitunguu mpaka chakula kikapoa, sote tumeshika vijiko tukitaka kujua kama muuzaji alirudi.

Kazini hukuwahi kumfokea mtu. Mwigizaji akimaliza kutetemeka mbele ya kamera, wewe mwenyewe ulimletea kiti na maji, ukamwuliza habari za watoto wake.

Kamera ikinasa uliongea mfululizo, kwa sauti ya chini, ukiwaelekeza: polepole, geuka, sasa umemsikia. Baadaye sauti yako ilifutwa, na sauti nyingine zote zikatengenezwa upya katika kile chumba cha uani. Wachache wanajua kwamba sauti zote za nyayo ni za Mama. Kila muuaji, kila askari, kila bibi kizee aliyepanda ngazi katika filamu zako alitembea kwa miguu ya Mama, juu ya mbao na kwenye sinia la kokoto.

Filamu ya mwisho uliiacha imekamilika, isipokuwa nyayo. Watu wake wanatembea kimya. Mhariri wako alikuja nyumbani, akaja tena.

"Shemeji, nitafute mtu mwingine?" aliuliza.

"Tafuta," Mama akasema, akaendelea kukunja nguo.

Kifungua mimba wako alikasirika, akamfuata jikoni. "Mama, kweli utamwachia mgeni kazi ya Baba?"

"Nikivaa zile hedifoni za kazi nitamsikia, sauti yake haijafutwa bado," Mama alisema. "Tena si kumsikia ninakoogopa. Naogopa nitamsikia, nisihisi kitu. Tangu tumzike sijahisi kitu, mwanangu. Watu wakiniuliza hali nasema salama, na ndivyo ilivyo, salama tu."

"Hata mimi, Mama."

Ndipo tulipojua kwamba nyumba nzima imekufa ganzi. Tunakula, tunalala, tunafungua na kufunga madirisha. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake mwenye moyo wa jiwe, akaficha.

Juma lililopita Mama aliingia chumba cha uani, akavaa viatu vya kiume na hedifoni. Tulisimama ukutani, mhariri wako akiwa kwenye mashine. Kwenye skrini mwanamume alikuwa anavuka ua kuelekea nyumbani kwake, na mtazamaji anajua nani anamsubiri ndani. Mama aliweka sauti juu, hata sisi tukakusikia kwa mbali. "Polepole. Simama. Haya, twende." Akatembea ulivyosema, hatua kwa hatua, uso mkavu. Mwanamume akafika mlangoni, akashika kitasa.

"Kata," ukasema.

Picha ikaisha, skrini ikawa nyeusi. Mama hakusimama. Aliendelea kutembea juu ya kokoto, pale pale, macho ameyafumba. Mhariri alinyoosha mkono azime mashine, kisha akaurudisha. Hakuna aliyemwambia Mama basi, na hatukumwambia mpaka alipochoka mwenyewe.

Unakumbukwa na mkeo, kifungua mimba wako na mumewe, kitinda mimba wako, dada yako, aliyekuwa akiziba macho katika kila filamu yako na bado akarudi kuitazama, wajukuu wako, mhariri wako na wenzako wote wa kazini.

Kulia hatujaweza bado, Baba. Kukusahau ndiko hatutaweza kamwe.