Kosa la Mwanangu Daryna

Zelena, Saskatchewan
9 Julai

Dada yangu mpendwa Stefka,

Salamu tele zikufikie huko Edmonton, wewe na shemeji na wajukuu, na huo mguu wako mkaidi nao nausalimu. Natumaini umeanza kuukanyagia. Sisi hatujambo. Wasyl anakohoa kama trekta bovu, lakini anakula, na mume anayekula si mgonjwa. Viazi vyangu vimestawi kuliko vya Zonia Hnatiuk. Mwenyewe amekiri, ila anasema ni mvua. Mvua gani hiyo, inyeshe kwangu halafu iuruke uzio wake?

Kadi yako imefika. Umeuliza kama nimekununia, maana hunioni tena kwenye Holos, humo simuni tunamoandikiana. Nikununie kwa lipi, dada? Holos ndiyo iliyoninunia mimi. Na kwa kuwa masikio yako hayawezi tena simu ya kuongea, nilibaki kama bubu. Sasa imepona, lakini habari yenyewe ni ndefu, na kidole changu juu ya kile kioo ni kuku anayedonoa. Tena nikikosea kidogo tu, ujumbe unakwenda kwa akina mama wote wa kanisa, kama ile picha ya goti langu. Afadhali karatasi.

Unajua Holos inatengenezwa na kampuni anayofanyia kazi Daryna wangu huko Vancouver. Nimekwisha kukwambia, na nitakwambia tena: mtoto wa mwanamke aliyeishia darasa la nane leo anaongoza wenzake, na watu wanaongea kwa kazi ya mikono yake. Mimi ndiye niliyewawekea Holos wanawake wote wa kanisa letu, mmoja mmoja, hata Bibi Paraska ambaye simu aliishika kama panya aliyekufa. Tangu hapo kila kitu tunapanga humo, nani alete unga, nani alete viazi.

Basi mwezi uliopita ikaja Holos mpya. Simu ikajibadilisha yenyewe, mimi nikifikiri ni zawadi. Nikiifungua, kiduara kinazunguka, kinazunguka, halafu inaandika kwamba imeshindwa kuunganisha, nijaribu tena. Nikajaribu tena. Nikaizima, nikaiwasha. Nikapanda nayo ngazi ya ghala, Wasyl akiniuliza kutoka chini kama huko juu nampigia Mungu. Nikaambiwa niifute niiweke upya, nikaifuta, picha zangu zote zikaenda na maji, na kiduara kikarudi palepale kuzunguka. Stefka, nilitamani kuitia simu kwenye sufuria ya supu ya borshch.

Na si mimi tu. Zelena nzima ilikuwa hivyo, na vijiji jirani pia. Siku ya kufinya pyrohy, vile vimfuko vya unga vya viazi na jibini, kwa ajili ya sikukuu ya kanisa, kwa kuwa hatukuweza kupanga, watu watatu walileta jibini na hakuna aliyeleta kiazi hata kimoja. Zonia akaangalia meza, akasema kwa sauti ya asali, "Mpigieni Daryna atutumie viazi kwa mtandao." Wakacheka wote. Nami nikacheka, maana ningefanyaje? Lakini moyoni nilimfinya Zonia, si unga.

Nikapiga simu ya msaada ya kampuni. Akapokea kijana mpole, akaniuliza mambo mengi, mwishowe akauliza kama saa ya simu yangu ni sahihi. Nikaangalia saa ya ukutani, nikaangalia ya mkononi, nikamuuliza Wasyl. Zote sawasawa na simu. Nikamwambia, mwanangu, hapa unaongea na mtu ambaye hajachelewa misa tangu aolewe. Akasema basi tatizo ni la watu wa mtandao. Watu wa mtandao wakasema tatizo ni la Holos. Wakanirusha huku na huku kama mpira.

Kisha Daryna mwenyewe akapiga, sauti yake ndogo kama alipokuwa na surua. Akasema malalamiko yote nchini yanatoka huku kwetu mpakani mwa mkoa tu, na sehemu mpya ya Holos aliiandika yeye. Bosi amemwambia asipojua ubovu ni nini, kazi atapewa mwingine, na huyo mwingine keshaanza kuulizia kiti. Akaniuliza kama kuna kitu tulichobadilisha kwenye simu zetu. Nikaapa kwamba hakuna. Sikudanganya, dada. Kwangu lile halikuwa badiliko, lilikuwa matengenezo.

Akapanda ndege, akakodi gari, akaja moja kwa moja kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa, sisi tukiwa na unga hadi viwikoni. Hakunibusu sawasawa. Alichukua simu ya Bibi Paraska, akaifuta unga, akaitazama, uso ukamkunjamana. Akauliza kwa nini simu hii inasema iko Manitoba, mkoa wa jirani.

Bibi Paraska akamjibu kama anamfundisha mtoto. Alisema mnara wa simu wa Manitoba uko karibu kuliko wetu, na wale watu kila masika wanasogeza saa mbele, sisi hatusogezi, kwa hiyo simu zinawafuata wao kama kondoo. Ndiyo maana tunazirudisha nyuma kwa mkono, tusije tukafika misa padri bado anapiga mswaki.

Daryna akakaa juu ya gunia la unga. Akatueleza kwamba Holos mpya hupima saa ya kila simu, ili matapeli wasipite. Kwa macho yetu saa zetu zilikuwa sahihi. Kwa Holos, hizi zilikuwa simu za Manitoba zilizochelewa saa nzima, kila moja na uongo uleule, ikazifungia mlango kama genge la wezi. Kisha akauliza, nani aliwafundisha kurudisha saa kwa mkono?

Vidole vyote vyenye unga vikanielekea mimi. Bibi Paraska akasema, "Mama yako. Alisema umemwelekeza wewe."

Hapa, Stefka, nakwambia lililo kweli. Daryna hakunielekeza kitu. Niligundua mwenyewe, kwa kubonyezabonyeza, mwaka ule tulipofika mazishi ya mzee Hnatiuk kabla ya jeneza. Lakini nani angemsikiliza Orysia wa darasa la nane? Nikatia jina la Daryna, na jioni ile ile wote walirudisha saa, hata padri.

Mwanangu akanitazama. Nilijua amejua. Kisha akasema, "Ndiyo, nilimfundisha mimi."

Nikamvuta nyuma ya friji kubwa, nikamsihi amwandikie bosi kwamba kosa ni la vikongwe wa Zelena. Akakataa. Alisema mlango unaomfungia mtu ambaye saa yake ya ukutani ni sahihi umetengenezwa vibaya, na yeye kakulia hapa, angepaswa kukumbuka. Akapiga simu mbele yetu sote, akamwambia bosi kosa ni lake yeye. Zonia akaacha kufinya. Tukingoja jibu la bosi, nilimshika Bibi Paraska mkono mpaka akalia kwa maumivu. Mwishowe bosi akasema basi alitengeneze mwenyewe, maana aliyeharibu ndiye anajua alipoharibu, na yule mwenye kuulizia kiti aendelee kusimama.

Garini Daryna aliniambia neno moja tu: "Mama, siku nyingine nikikufundisha kitu, niambie na mimi nikijue."

Holos ikapona baada ya siku chache, bila sisi kugusa saa zetu. Lakini Jumapili, tulipotoka misani, Zonia akaniwahi mlangoni mbele ya watu. Akasema kumbe Daryna naye hukosea, tena mara mbili, kwanza kanifundisha mimi vibaya, kisha katengeneza vibaya.

La pili ningelimeza, dada. La kwanza likanikaba. Nikasema kwa sauti iliyofika makaburini kwamba hilo la saa Daryna hakulijua, niligundua mimi, peke yangu, bila kufundishwa na mtu. Nilitaka liwe toba. Mungu anisamehe, lilitoka kama majigambo.

Kisha Bibi Paraska akanipima kwa macho tangu kitambaa hadi viatu. "Wewe? Peke yako?" akasema. "Basi ndiko Daryna alikoitoa akili."

Nisalimie shemeji na watoto, na uuweke mguu juu ya mto usiku. Wasyl anakusalimu na kikohozi chake. Ukiona kiduara kinazunguka huko kwenu, usiape chochote kabla hujaniuliza.

Mdogo wako akupendaye,
Orysia