Kichwa cha Mukeke

Mjukuu wangu Nadine,

Huku Kinama sote wazima. Mama yako anakusalimia, na goti langu limeacha kunisumbua.

Unauliza kama, katika kupika kila chakula cha kitabu chako, lazima ufuate kila neno. Mi nilipika kitabu kizima cha Kifaransa mwaka nilioolewa, bila kuruka ukurasa. Kwenye samaki kikasema kata kichwa, utupe. Nikatii, nikamwandalia baba mkwe wangu mukeke safi wa ziwani, kalala kwenye mchuzi wa siagi.

Akaitazama sahani. "Kichwa mumemupa nani?"

Kwetu kichwa cha samaki ni cha mzee wa nyumba.

"Nimekitupa, Baba."

Akaomba maji ya kunawa. "Mi nimeshiba," akasema, na hakuwa ameonja hata tonge.

Kesho yake nilipika vilevile, kichwa juu ya sahani. Alikifyonza mpaka macho.

Basi pika kurasa zote. Kitabu changu shangazi yako atakuletea. Kwenye samaki utaona nimefuta "tupa kichwa", na pembeni nimeandika: uliza kwanza nani atakula.

Nakupenda,
Bibi yako