Kiondo Kimerudi Kitupu

Alhamisi, 5 Februari
Nimekamua, nimepeleka maziwa kwa deri, nimefua. Binti yangu Kendi bado anajisemesha Kiingereza mbele ya kioo. Jumamosi anahojiwa Meru mjini. Chuo ni cha Amerika, kile ambacho hata watoto wa mawaziri hukataliwa. Wangu hatakataliwa. Ana A safi, hapa kwetu Kanyakine nzima nionyeshe mwingine. Na mimi niliishia darasa la saba! Kichwa ametoa wapi? Kwangu. Marehemu babake alikuwa mtu wa mpira tu, Mungu amlaze pema.

Kendi anasema nisiandamane naye. Ati wazazi hawaendi.

Nitaenda.

Jumamosi, 7 Februari
Nimeenda. Anayehoji ni Bwana Njeru, mtu wa Embu. Alisoma chuo hichohicho, sasa ana ofisi Nairobi. Wao wamekaa ndani ya hoteli karibu na dirisha, mimi nje kwa benchi. Kendi akacheka, yeye akacheka. Nikajua tumeshinda.

Walipotoka nikampa kiondo. Ndizi za kuiva, nduma, mayai ya kienyeji. Mtu amemsikiliza mtoto wangu aende mikono mitupu? Akaruka nyuma kama nimemwonyesha nyoka.

"Mama, sheria zetu haziruhusu."

"Hii si hongo, ni ndizi. Wewe si mtoto wa Embu? Mamako angesemaje?"

Akachukua. Kendi hakunitazama mpaka nyumbani.

Jumatano, 18 Februari
Kiondo kimerudi. Njeru amekituma na gari la vifurushi. Kimepanguswa vizuri, kimekunjwa. Ndani hakuna kitu.

Nimekipindua mara mbili. Huku kwetu, na Embu ni vilevile, hata maskini hurudisha kiondo na kitu. Chumvi. Sabuni. Majani ya chai. Kiondo kitupu unamrudishia mtu ambaye hutaki akanyage kwako tena. Na yeye anajua.

Nimekificha chini ya kitanda. Kendi simwambii. Naogopa.

Jumapili, 1 Machi
Kanisani nimesimama wakati wa shukrani nikasema Kendi anaenda Amerika. Majibu hata hayajatoka. Sijui mdomo wangu una nini. Wamama wamepiga vigelegele. Jirani yangu Mama Mwenda akauliza kwa sauti, "Mama Kendi, na ng'ombe atakamuliwa na nani ukienda kumtembelea?" Kanisa lote likacheka. Nikacheka pia.

Nyumbani nimevuta kile kiondo nikakiangalia. Bado kitupu.

Ijumaa, 27 Machi
Wamemkataa. Kendi amesoma kwa simu, akaniwekea simu mapajani, akaenda kwa ng'ombe. Ati wanasikitika. Nani anasikitika? Hakuna hata jina la mtu.

Jioni amesema, "Ni zile ndizi, Mami. Walidhani unawanunua."

Hajalia. Afadhali angelia.

Jumanne, 31 Machi
Nimepanda kwa Mwalimu Muriungi, aliyemwandikia Kendi barua ya kumsifu. Nimempigia kelele. Amengoja nimalize, kisha akanieleza. Walioomba karibu wote wana A, kwa hivyo A si kitu huko. Watu wanakaa mezani wanatafuta kingine. Huyu anapiga fidla. Huyu babake alisoma pale. Huyu wazazi wanamlipia karo yote. Huyu ni wa nchi ambayo tayari wamechukua mmoja, basi aondolewe. Ati Kendi pengine hakukosa chochote. Nafasi ziliisha tu.

"Na Njeru?"

"Huyo huandika ripoti, Mama Kendi. Hana kura."

Kama hana kura, alishindwa na nini kuweka hata kipande cha sabuni? Hilo ndilo linaniuma. Walimsomesha mpaka akasahau kiondo. Na huko ndiko nilikuwa nikimpeleka wangu, nikiimba.

Nimemwambia Kendi maneno ya mwalimu. Amesema, "Huwezi kujua." Ni kweli. Siwezi kujua. Hakuna atakayeniambia.

Jumapili, 19 Aprili
Mwalimu amesikia kuna Mkenya mmoja aliyepata. Msichana wa Nairobi. Babake alisoma palepale. Sina neno na mtoto wa watu.

Nina neno.

Kendi anapika, anafagia, anaitika. Jina Mami ameacha kuliita. Kanisani nimekaa nyuma.

Jumanne, 25 Agosti
Kendi ameenda chuo cha serikali, Embu. Uhandisi. Kila mtu nimemwambia ndiyo kozi aliyoitaka tangu utotoni, na Amerika ni baridi. Mama Mwenda aliitikia tu, hakunicheka. Hiyo imenichoma kuliko kicheko.

Nimempakia ndizi na nduma kwa kiondo kilekile, kingine sina. Nikangoja akikatae mbele ya watu. Amekiangalia, akakibeba.

Nyumba imenyamaza. Nimemkasirikia hata ng'ombe.

Jumamosi, 26 Septemba
Manyunyu tangu asubuhi. Nimekamua, nimepeleka maziwa. Nikirudi nimeitwa stejini, pale matatu husimama, kuna kifurushi kutoka Embu.

Kiondo changu.

Nimekaa nacho mlangoni kabla ya kukifungua. Majani ya chai, sukari, na sabuni ya kuogea, ile ya harufu nzuri. Barua hakuna.

Nimepika chai. Sabuni sitaifungua leo.