Kengele Iliyo Jikoni Kwako

Nyumba ya chini ya kanisa,
Kijiji cha Sokolitsa,
Milima ya Rodopi,
Bulgaria.
12 Septemba 2018

Mpendwa mjukuu wangu Elitsa,

Leo nitaanza na makaripio, salamu utazikuta chini. Nani alikufundisha kumpigia mama yako simu umwambie achague, wewe au yule "kichwa cha chaki"? Mtu mwenyewe hujamtia machoni hata mara moja! Umekaa huko Dublin unamhukumu mtu kwa sababu ni profesa. Mama yako alikusikiliza mpaka mwisho, akaweka simu mezani, akachukua ndoo akaenda kukamua. Jioni ile ile akamwambia Profesa asivuke tena geti letu. Haya, umefurahi?

Ningekupigia, lakini kwenye simu unanikatiza. Karatasi haikatizwi. Kaa kitako, usome yote.

Sasa salamu. Hujambo mtoto wangu? Hiyo kazi ya wodini usiku bado wanakupa? Unakula? Mimi sijambo, isipokuwa goti hili la kushoto, nalo limekuwa mtabiri wa mvua kuliko yule wa redioni. Mama yako ni mzima wa mwili. Miplamu imezaa mpaka matawi yameinama, na juzi tulipika jamu sufuria zima likaungua. Sevda kuunguza jamu! Tangu aolewe na mwanangu sijaliona jambo hilo. Alikuwa anakoroga huku anatazama ukuta.

Ulimwambia mama yako kwamba hata mimi nimemsahau baba yako. Nakuomba usirudie neno hilo. Asen nilimzaa mimi. Nilimvalisha suti ya mwisho kwa mikono hii. Kama kuna mtu mwenye haki ya kumchukia mwanamume anayemtaka mjane wa Asen, ni mimi, na niliitumia haki hiyo sawasawa.

Profesa alipoinunua nyumba ya marehemu mzee Valko, hapo ng'ambo ya uchochoro, nilisema huyu ni wa Sofia, atakaa wiki mbili aseme hewa ni nzuri, halafu aondoke. Lyuben Karastanev, profesa wa hesabu, mjane. Watu wanamwita mpaka Japani akawasemeshe. Mama yako akaanza kumpelekea maziwa. Kwanza mara moja moja. Halafu nikaona anavaa blauzi ya bluu kupeleka maziwa.

Basi siku moja nikaenda mwenyewe, kisingizio nafuata mtungi wangu. Nilibisha, kimya, nikaingia. Ndiyo, niliingia. Mtu anayetaka kuingia kwangu, kwa nini mimi nisiingie kwake?

Elitsa, nilidhani nitakuta vitabu mpaka darini. Vitabu vilikuwepo, lakini vimerundikwa chini ya kitanda kama viatu. Juu, kwenye boriti zote za sebule, zilining'inia kengele. Kengele za kondoo! Za shaba, kubwa kwa ndogo, nyingine kuukuu zimepinda kama sikio la mbwa. Mezani tupa, nyundo, na kipande cha mkate wenye mafuta ya nguruwe na pilipili nyekundu, umeng'atwa upande mmoja. Kwenye kamba soksi zake, na visigino vimeshonwa vizuri, mshono wa mtu anayejua kushona. Nikauliza moyoni, huyu ana mwanamke wa siri? Hana. Alishona mwenyewe.

Akanikuta nimesimama katikati ya nyumba yake, mkono uko kwenye soksi.

"Karibu, mama," akasema. "Hiyo ya kijivu bado mbichi."

Mtu mwingine angeona haya kwa niaba yangu, au angenifanya nione haya. Yeye akaenda kuweka kahawa jikoni. Nikamwuliza anafundisha nini hasa. Akanionyesha karatasi yake. Nimeitazama juu na chini, Elitsa, hamna namba hata moja! Herufi tu na vijiti.

"Namba ziko wapi?" nikamwuliza.

"Mama, mimi mwenyewe nazitafuta. Ndiyo maana wananilipa."

Nilicheka mpaka kahawa ikanimwagikia.

Tangu siku ile nikamchunguza bila kujificha. Nikuambie niliyoyajua, kwa sababu wewe hujui hata moja. Malenge hali, usimpikie, atakula kwa adabu halafu utamhurumia. Maharage anayapika kuliko mimi, na nimelitamka hilo mbele ya watu. Mkewe aliugua miaka mingi, naye Profesa akajifunza kupika, kushona na kusuka nywele za mgonjwa bila kuzivuta. Hilo alimwambia mama yako, si mimi. Anaandika hesabu zake kwa chaki kwenye mlango wa zizi lake, kuku wanapita chini, na mvua ikifuta hakasiriki, anasema labda ilikuwa imekosewa. Na kuimba! Mwenyezi atunusuru. Mtu mwenye masikio ya kusikia kengele iliyo mlima wa pili, akifungua kinywa utadhani mlango usiotiwa mafuta. Na anaimba kila asubuhi.

Usidhani nakuuzia malaika. Siku ya Mtakatifu Georgi, kundi linapoanza kwenda malishoni, alitutia aibu ambayo kijiji bado kinaila. Unajua zile kengele za kundi la baba yako zilivyoharibika baada ya msiba. Zilipasuka mbili, Raicho mchungaji akaweka mbili za sokoni, zikawa zinalia kama masufuria yanayoanguka. Nilikuwa nafunga dirisha kundi likipita. Profesa akamwomba mama yako ruhusa ya kuzitengeneza. Majira ya baridi yote alikuwa akikwangua kwa tupa, anagonga, anafumba macho, anakwangua tena. Zile za sokoni akazitupa, akatoa mbili kwenye boriti zake, nzuri kuliko zote alizokuwa nazo.

Asubuhi ya sikukuu, Padre anasubiri kubariki kundi, Profesa akazivisha yeye. Ile kubwa ya dume kiongozi akaifunga kwa kondoo jike mnene, eti ndiye mwenye shingo imara. Mtu wa hesabu! Hakuuliza, na Raicho kwa ushari wake akanyamaza. Sasa yule jike amelelewa kwa mkate na mke wa Padre, njia anayoijua duniani ni moja tu. Akatoka mbele, ngo, ngo, ngo, na kundi zima nyuma yake, moja kwa moja kwenye bustani ya Padre. Vitunguu, spinachi, vyote kwaheri.

"Profesa!" Raicho akapiga kelele kutoka ukutani. "Umewapeleka kuungama au kupata kifungua kinywa?"

"Wanafunzi wangu wote huwa hivi," akajibu. "Wanamfuata mwenye kelele."

Lakini kesho yake nilimwona kapiga magoti katika bustani ile, kavaa suruali ya harusini, anapanda vitunguu upya. Hakutuma mtu. Mke wa Padre anasimama juu yake, "Mstari umepinda huo, Profesa," naye anang'oa, anapanda tena. Wewe umesoma, umeona maprofesa. Wangapi wanang'oa wakaanza upya wakiambiwa na mke wa padre?

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu.

Kondoo waliporudi kutoka malishoni jioni ya sikukuu ile, kengele zikiwa zimevishwa wanaostahili, nilikuwa kizingitini namenya viazi. Elitsa, nilisikia kundi la mwanangu. Si kengele, kundi lenyewe, kama lilivyokuwa akilirudisha yeye, ile sauti ya kumwagika kama maji mengi kwenye mawe. Kisu kilinianguka. Mama yako alitoka na unga mikononi, tukasimama, hakuna aliyemtazama mwenzake. Sijui kusema kilichonipata. Ni kama mtu amefungua chumba nilichodhani kimebomolewa, nikakuta taa inawaka.

Profesa alikuwa kwenye uchochoro, kofia mkononi. Hakuja kusifiwa. Alikunja uso, akasema, "Moja haipo. Kati ya ile ya tatu na ile ndogo, pana pengo."

Hakuna aliyemwambia! Raicho alikuwa na kundi lile miaka yote hakujua. Mama yako akamweleza kwamba uliichukua wewe siku ulipoondoka, ukaificha kwenye sanduku chini ya makoti, na sasa inaning'inia jikoni kwako Dublin.

Nikamwambia, "Si una kengele nyumba nzima? Itafute inayolingana, uzibe."

"Ninayo, mama. Inalingana kabisa." Akavaa kofia yake. "Lakini nafasi ile ina mwenyewe. Siiwekei kitu mpaka yeye aseme."

Na hakuiweka. Mtu anayesumbuliwa na sauti yenye pengo kama wewe unavyosumbuliwa na kokoto kwenye kiatu, amelisikiliza pengo lile asubuhi na jioni majira yote ya joto, na dawa yake inaning'inia juu ya meza yake. Mimi nimeishi na wanaume wema. Baba yako alikuwa mwema, babu yako alikuwa mwema akilala. Sijaona mwanamume aliyeweza kuziba mahali, akaacha wazi kwa heshima ya mtoto anayemtukana.

Hujui kwamba wewe ndiye uliyekuwa ukisubiriwa. Mama yako alishamkubali moyoni, akasema hatatamka mpaka umpe baraka. Ukampa ulichompa. Profesa amekatazwa kuvuka geti, naye ametii. Hapiti. Kundi likirudi anatoka kwake, anasimama upande wake wa uchochoro, anavua kofia. Mama yako yuko upande wetu na ndoo. Hawasemeshani. Kondoo wanapita katikati yao, halafu kila mmoja anaingia kwake. Mimi nayaona haya kila siku dirishani, na goti langu halivumilii kusimama muda mrefu.

Mwisho wa mwezi ujao anarudi Sofia kufundisha. Juzi nilimwona anafunga zile kengele zake kwenye magazeti. Akiondoka hivi, nyumba ya Valko ataiuza, nami simlaumu.

Wanakusalimu Raicho na mkewe, Padre, na mama yako, ambaye hajui kwamba nakuandikia, na asijue. Mungu akulinde huko ugenini, akupe usingizi wa mchana uliotulia, na akulainishe hiyo shingo, maana najua umeirithi kwa nani.

Wako, anayekupenda hata siku ambayo angekuchapa,
Bibi Stamena

Tena: kondoo wanarudi kutoka malishoni kwa mara ya mwisho mwaka huu Siku ya Mtakatifu Dimitar, tarehe 26 mwezi ujao, Profesa akiwa bado yupo. Leo, sio kesho, mpigie mama yako. Kisha itoe ile kengele ukutani, ifunge kwenye soksi ya sufu ulimi wake usigonge njiani, uilete wewe mwenyewe. Utamkabidhi Profesa mkononi, hapo uchochoroni, umwambie aivishe kundini, kwenye pengo lake.