Miale Anayochomwa Mutua

Garissa, Jumatano, Agosti 1966

Leo tena msafara wa Nairobi haukuondoka. Askari walisema barabara imetegwa bomu, tukashushwa na mizigo yetu. Nilikuwa nimeshapanda lori!

Dereva aliyekuja juzi alimwona mume wangu Mutua hospitalini Nairobi. Uvimbe wa saratani shingoni mwake umeanza kunywea kwa ile miale anayochomwa. Lakini daktari amemwonya kwamba miale hiyo hiyo inaweza kumletea saratani nyingine baada ya miaka mingi. Mutua anauliza, aendelee au aache?

Nilimweleza Halima, jirani anayeniletea maziwa ya ngamia. Alishtuka. "Dawa gani hii, abaayo, dada yangu, inatibu halafu inaua?"

"Bila hiyo hamalizi mwaka, Halima."

Aliweka kibuyu cha maziwa chini. "Na hiyo ugonjwa ingine itakuja lini?"

"Labda tukiwa wazee. Labda isije."

"Basi mwambie achomwe. Wewe unataka mzee ama unataka kaburi?"

Nilicheka, kisha nikalia mbele yake bila haya.

Naogopa, sitajidanganya. Lakini kila nikiuwaza ugonjwa huo wa mbali, namwona Mutua mwenye mvi, amekaa mlangoni kwetu Machakos, ananung'unika kwamba chai imepoa. Namtamani mzee huyo hata akija na ugonjwa wake.

Nimemwambia dereva kwamba yeyote kati yetu atakayetangulia kuvuka Mto Tana amwambie Mutua aendelee. Natamani niwe mimi, nimwambie nikiwa nimemshika mkono.