Kitufe cha Amosi

Baba,

Mpaka leo nikiwasha taa yoyote nasikia msonyo wako. Sikumbuki sana sauti yako ya kusali, wala ile ya kubishania bei ya ng'ombe mnadani. Kilichobaki ni ule msonyo mrefu ulioutoa sebuleni kwetu Nzuguni siku nilipokuonyesha balbu yangu ya kwanza. Ilikuwa nyekundu, ndogo kama punje ya mahindi, na nilikuwa nimeiunganisha na kompyuta ya bodi moja inayoenea kiganjani. Nikaandika mistari michache ya msimbo: washa, subiri, zima, subiri. Ikatii. Nilikuwa nimemaliza chuo na sikuwahi kufurahi vile. Nikakuita kama mtoto mdogo. Ukaja na fimbo yako ya kuswagia ng'ombe, ukainama, ukatazama, ukasonya.

"Taa? Kwani ukutani hakuna swichi?"

Amosi, mdogo wangu, alicheka mpaka akakaa chini.

Shikamoo sikuandikii. Hukuwa mwepesi wa kuiitikia hata ulipokuwa hai. Msibani kila aliyeshika kipaza sauti alikusifu, kwa hiyo sifa umeshapata za kutosha. Mimi nataka kukusema.

Kiharusi kilikuchukua upande wa kulia na maneno yako yote. Msonyo kilikuachia. Mama alikuwa ametangulia, tukabaki wawili wa kukutazama, mimi na Amosi. Ulituita kwa kugonga fimbo kwenye chuma cha kitanda na hakuna aliyejua unamtaka nani. Ndipo nikaichukua kompyuta ile uliyoidharau, nikakutengenezea vitufe viwili juu ya kipande cha ubao. Chekundu kilikuwa changu: ukikibonyeza, kengele ndogo inalia chumbani kwangu na balbu inawaka. Cha kijani kilikuwa cha Amosi, kinalia chumbani kwake uani. Waya niliupitisha darini mwenyewe, vumbi likiniingia machoni, Amosi akinishikia ngazi na kunitania, "Dada, ukianguka nani atampikia mzee?"

Nilikufundisha kwa kukushika kidole. Ulielewa mara moja. Akili yako haikuguswa, Baba, hilo tusidanganyane.

Siku za kwanza kengele yangu ililia mfululizo. Nikajiambia ni kitufe. Kitufe kikibonyezwa mara moja, chuma chake cha ndani hutetemeka kidogo, na kompyuta, kwa haraka yake, hudhani kimebonyezwa mara nyingi. Nikaongeza mstari wa kuiambia ingoje kidogo kabla ya kuamini tena. Kengele ikaendelea vilevile. Haikuwa chuma. Ilikuwa wewe. Maji. Mto. Nzi. Pazia. Mto tena.

Na cha Amosi hakikulia. Hakikulia kabisa. Amosi yuko uani mchana kutwa, amelala chali na simu, akisubiri mteja wa kiwanja anachokiuza Msalato. Mimi niko jikoni, mikono imejaa unga, na kengele inalia kwangu.

Unajua nilifanya nini? Nilitafuta kosa. Nilipanda darini nikaupapasa waya wote. Nikabadilisha rezista, kile kidude cha kupunguza umeme. Nikahamishia waya kwenye pini nyingine ya kompyuta. Nikasoma msimbo kwa sauti, mstari kwa mstari, kama mtu anayesoma zaburi. Mwishowe nikabonyeza cha kijani kwa kidole changu, mbele yako. Kengele ikalia uani, Amosi akatokea anafunga mkanda. "Vipi, mzee?" Kilikuwa kizima. Ulikuwa ukinitazama muda wote huo, na hukugeuza uso. Mimi na shahada yangu tulikuwa tunatafuta kwenye waya kitu kilichokuwa kitandani.

Kesho yake nikageuza msimbo, ili chekundu kimwite Amosi. Ukabonyeza, akaja yeye. Ukamwangalia, ukasonya kwa ule upande wa mdomo uliobaki, ukafumba macho. Akarudi anacheka.

"Dada, mgonjwa wako anakutaka."

"Si umuulize anataka nini!"

"Kamuulize wewe. Mimi lugha yake siijui."

Nikarudisha msimbo ulivyokuwa.

Mimi ndiye mzaliwa wako wa kwanza. Mtu akikuita Baba Damari ulimkatiza, "Baba Amosi." Jina likawa la Amosi, kengele ikawa yangu.

Wakati huo wakulima wa mpunga wa Bahi walikuwa wananisubiri. Walitaka pampu inayojiwasha maji yakipungua shambani na kujizima yakitosha. Ni washa na zima ileile uliyoisonya, ila mahali pa balbu unaweka mota. Niliwaomba wanivumilie. Nikawaomba tena, nikasikia kwenye simu wanavyochoka nami. Ile programu ya kengele haikuwa na jambo lingine duniani ila kuuliza bila kupumzika: amebonyeza? hajabonyeza? Nami nikawa hivyo. Nilikuwa nikioga nasikiliza. Nilikuwa nikisali nasikiliza.

Ulikufa asubuhi, nikiwa nakuchujia uji. Kengele haikulia. Nililia mimi. Nililia sana, na usijivunie.

Makaburini, Shangazi Perisi alinivuta pembeni. "Kaka yangu alikuwa akikupenda wewe. Ndiyo maana alikuita wewe." Neno hilo nimelibeba mpaka limenichosha. Labda ni kweli. Labda ulikuwa unaogopa, na mkono uliouamini ni wangu. Sijui. Lakini ungeweza kunionyesha pendo hilo kwa kubonyeza cha kijani hata mara moja, nami nikala chakula changu kikiwa cha moto.

Haya, sasa nikueleze kilichotokea ulipoondoka. Matanga yalipoisha ukoo ulikaa. Shangazi miguu imemwishia, hawezi tena kuishi peke yake, na mabinti zake wako kwa waume zao, wakaamua ahamie kwetu. Hilo sikulipinga. Kisha Baba Mdogo akasema, kama mtu anayegawa viti, "Damari yupo, na kengele yake ipo. Tuna shida gani?" Wote wakaitikia. Shangazi akanipapasa goti. "Mungu kakupa mkono wa kuuguza, mwanangu." Nikaona miaka yangu yote ikipangwa pale, juu ya mkeka, na chai inanywewa.

Nikasema siwezi.

"Huwezi nini?" akauliza Baba Mdogo.

"Kubaki. Nina kazi Bahi."

"Kazi ya kuwasha taa?"

Wakacheka. Hata msibani watu hucheka, unawajua wale. Amosi ndiye hakucheka, alikuwa ameshaelewa.

"Sasa dada, mimi mwanaume nitamgeuzaje Shangazi?"

"Kumwogesha watakuja mabinti zake. Kumletea maji na kumgeuza utajifunza. Mimi nilijifunza kumgeuza Baba."

Baba Mdogo akaweka kikombe chini. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kulifikiria hilo, kwamba mimi, binti yako, ndiye niliyekufunua na kukufunika siku zote zile. Sikulirudisha neno langu. Shangazi ndiye aliyenitetea. Alisema polepole, "Mwacheni aende." Kwa hilo nitamheshimu mpaka nife.

Basi, Baba, naaga. Nimejaribu kukusamehe kabla ya kufika chini ya ukurasa huu na nimeshindwa, siwezi kuandika uongo. Lakini kaburi lako halitabaki udongo mtupu. Tutakapolijengea nitakuwepo, nitachanganya saruji kwa mikono yangu, na nikiwa nimeinama pale huenda nikakuita Baba kwa upole zaidi ya leo. Hiyo ni ahadi. Pumzika kama unaweza.

Nakuandikia nikiwa Bahi, kwenye chumba cha kupanga, miguu bado ina tope la majaruba ya mpunga. Siku moja kabla Shangazi hajahamia nilipanda darini nikauvuta waya wangu wote mpaka chini. Nikafuta mistari yangu kwenye msimbo. Kitufe chekundu nimeking'oa, tundu lake ubaoni nimeliziba kwa gundi, na Shangazi nimemwachia cha kijani peke yake.

Damari