Mkondo Uliokwisha Pita

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Masikio yanaendeleaje? Ningepiga simu, lakini najua ungeitikia "eeh, eeh" bila kusikia neno.

Mimi mzima, ila roboti ya chini ya maji inanitoa jasho. Inatakiwa ifunge boliti kumi na mbili za wavu kwenye mdomo wa bomba kuu. Mkondo kule ni mkali. Nikiirudisha kushoto inapitiliza, kulia inapitiliza. Jana ilibamiza bomba mara tatu. Bosi amesema ikishindwa hadi tarehe ishirini, watashuka wazamiaji, na wa kwanza ni kaka. Yeye anafurahi. Mimi naogopa.

Mwanao

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sikio la kushoto lilibaki kwenye bomba hilohilo, na siku hiyo maji yalikuwa yametulia.

Kaka yako simwezi, kichwa kigumu kama changu. Nijibu wewe: ukisukuma usukani, unaona chombo kikigeuka papo hapo au baadaye? Mimi nilipozama na taa mbovu, niligundua mkono wangu unasahihisha maji yaliyokwisha pita.

Baba yako

14 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimepima: picha ya kamera ya roboti inanifikia kwa kuchelewa nusu sekunde. Kumbe nilikuwa nagombana na mkondo uliokwenda zake! Mhandisi ameweka kipimo cha mkondo puani mwa roboti, ijue maji kabla hayajaisukuma. Mimi nagusa kidogo, kisha nangoja. Mkono ukiniwasha kusukuma tena, naukalia. Leo imeyumba shibri moja tu; boliti tisa zimeshafungwa.

Mwanao

19 Machi

Baba,

Shikamoo. Zote kumi na mbili zimefungwa. Wazamiaji wameambiwa wafungashe. Kaka amesema nimemnyang'anya kazi mbele ya wenzake, na kweli nimemnyang'anya. Anakuja kwako kesho. Mpokee vizuri.

Mwanao

27 Machi

Mwanangu,

U hali gani? Sisi wazima. Kaka yako alifika na begi moja, uso kauvimbisha. Hajakusamehe, sitakudanganya. Asubuhi hata mimi hanisalimu mpaka anywe chai. Jana nilimtazama akila, nikamtazama mno, mpaka akauliza, "Baba, una nini?" Nikasema sina kitu.

Mwandikie, hata asipojibu. Na akinuna mwache anune, mwanangu. Wa kununa yupo, mzima.

Baba yako